Kule Kwake Bado Asubuhi

Mabishano yangu na Profesa Amisi yamefikia umri wa kuoa, na bado hakuna aliyeshinda. Kiangazi kilichopita nilitoka Kisangani kwa pikipiki, nikapita Lubutu na Punia nikiulilia mgongo wangu kwenye kila daraja, kuja Kindu kumlilia Mama Vero, mwenyeji wangu wa zamani. Mazishi yalinipita, lakini matanga yalikuwa bado hayajaondolewa: turubai uani, viti vya plastiki, masufuria ya wali, na wanawake wa mtaa wa reli wakinong'ona mambo ambayo marehemu mwenyewe angeyasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Profesa alikuwa amekaa upande wa kivuli. Siku hizi amestaafu, ndevu nyeupe pepe, fimbo mapajani. Hata sijakaa sawasawa akaniuliza kama bado ninawafundisha watoto wa watu ule uongo wangu. Nilijua anasema nini. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na kila mwaka tunapofika kwenye hadithi za sayansi, zile za vyombo vya angani na mashine zinazofikiri, siwaanzishii wanafunzi kwa kitabu kinene. Nawasimulia katuni moja ya kuchekesha. Yeye, aliyefundisha fizikia mpaka chaki ikamwingia kifuani, anaona huko ni kuivunjia sayansi heshima. Mimi naona hakuna filamu ya vita vya nyota, iwe na moshi na tarumbeta kiasi gani, iliyowahi kunionyesha hadithi ya sayansi ni kitu gani kama katuni ile ilivyonionyesha. Tulibishana mpaka mama mmoja akaja kutuuliza kwa upole kama kuna tatizo la urithi.

Katuni yenyewe tuliiona mwaka ule wa vita ambao mji ulikuwa umezungukwa, treni haiji, mashua haipandi, na kila kilichotoka nje kilishuka na ndege au hakikuja. Nilikuwa naishi kwa Mama Vero, katika mojawapo ya nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, nikimalizia mwaka wa sita wa sekondari. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Mumewe, Papa Kalenga wa Katanga, alikuwa masinisti, yaani dereva wa treni. Alikuwa ameondoka na treni kuelekea Kongolo, safari ya kawaida kabisa, na njia ikakatika nyuma yake. Hakuna habari iliyorudi. Mama Vero hakukaa kushika tama. Alitoa makochi saluni, yaani sebuleni, akaweka mabenchi ya kuazima kanisani, akafunika madirisha kwa vitenge, na televisheni akaipandisha juu ya kabati la vyombo. Jenereta, ambayo sote tuliiita grupu, ilinguruma nyuma ya jiko. Hiyo ikawa sinema ya mtaa. Tulionyesha mchana, kwa sababu jioni ilikuwa na amri zake. Watu waliingia kwa kikombe cha mchele, au chupa ya mawese, au fungu la mboga za lengalenga, na kilichoingizwa mlangoni ndicho kilichopikwa. Ukinusa jikoni samaki wa kukaushwa, ulijua kuna mvuvi ndani anaangalia filamu.

Na kila Jumapili, baada ya misa, alikuja Shemeji Ilunga, mdogo wake Papa Kalenga. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akala wali wa kaka yake, halafu akafuta mdomo na kusema maneno yale yale: kaka amekufa, kila mtu anajua, na mtu aliyekufa lazima aliliwe. Alitaka matanga yakaliwe bila maiti, kama familia nyingi zilivyofanya mwaka ule. Sijui kama alikuwa mtu mbaya. Nadhani alichoka kutojua, na kuna watu wanaona bora msiba kuliko mashaka. Lakini matanga kwao yana mkia. Yakishaondolewa, vitu vya mwanamume vinarudi kwa ukoo wake, televisheni na grupu vikiwemo, na mjane anachagua: arithiwe na shemeji au arudi kwao. Kwao Kasai kulikuwa upande wa pili wa vita. Mimi ningepelekwa Kalima kwa mjomba, ambako wasichana wa rika langu walikuwa wanabeba magunia ya mawe ya bati, na masomo yangeishia hapo. Hayo niliyahesabu mimi. Mama Vero hakuhesabu kitu. Alisema tu, akiwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwamba kumlilia mtu aliye hai ni kumfungia mlango, naye hatafunga. Ila kila Jumapili nilimwona akijibu kwa sauti ndogo kidogo kuliko Jumapili iliyotangulia, na hilo liliniogopesha.

Kazi yangu mle saluni ilikuwa kueleza filamu. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo Kindu nzima hapakuwa na wa kuzisikia, basi mtu alisimama kando ya televisheni na kusema kwa Kiswahili nani anamwambia nani nini. Mwenye kazi hiyo alikuwa kijana hodari sana aliyependa filamu za bunduki. Akatuaga siku moja akaenda kutafuta maisha Punia, nikasukumwa mahali pake kwa sababu nina mdomo. Siku chache baadaye, tukiwa katikati ya filamu ya makomando, milio ya bunduki ikasikika, watazamaji wote wakalala chini ya mabenchi, na hakuna aliyejua imetoka kwenye televisheni au barabarani. Ilikuwa televisheni. Mama Vero akaizima, akatangaza kwamba nyumbani kwake bunduki zimekwisha. Zikabaki kaseti mbili za katuni moja, zilizokuja na ndege pamoja na chumvi. Hazikuwa na jina wala namba, kwa sababu maboksi yake tulikwisha kuyawashia mbabula, jiko la makaa.

Nikaweka moja. Kilikuwa chombo cha angani, lakini ndani mlikuwa nyumba kabisa: jiko, kamba ya nguo, kuku wanapita miguuni. Kulikuwa na kapiteni mwenye ndevu zinazofika magotini, mashine yenye mikono inayolalamika kutu, fundi mmoja mwenye masikio makubwa, na bibi kizee aliyepinda mgongo, ameshika mwiko, anatazama mlango. Kuku walijaa korido nzima. Halafu mlango ukafunguka, fundi akaingia kutoka nje anapiga mluzi, kijana vilevile, kama mtu aliyetoka kidogo kukaza skrubu. Yule bibi akamtandika mwiko. Nikaona kwamba ni mke wake. Amezeeka akimngoja, naye kwa upande wake hata nukta hazijapita. Akamkalisha mezani mbele ya chakula kilichopoa siku nyingi, fundi akakila chote, mpaka akaramba sahani, na kaseti ikaisha hapo.

Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Wanaume wa reli waliokuwa wamejikinga mvua wakacheka pia, kisha wakaona aibu, wakasema ni uongo wa watoto. Profesa Amisi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kumtoa mwanawe aende kusoma. Nilidhani atawaunga mkono. Badala yake akainua kidole, kama darasani.

"Ile ya wakati haiko uongo," akasema. "Muntu mwenye anakimbia mbio sana, mbio kupita kitu chote, saa yake inaenda polepole. Mwenye anabakia nyumbani njo anazeeka. Imeandikwa, na imepimwa."

Mama Vero alikuwa anapima mchele wa kiingilio. Akaacha. "Mwenye anabakia njo anazeeka?"

"Njo vile, Mama."

"Hiyo hawakuwa na haja ya kupima. Wangekuya kuniuliza miye."

Saluni ikacheka tena, lakini kicheko kingine. Wanawake hasa. Mtaa ule ulikuwa umejaa wanawake ambao waume zao walitoka na treni, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema limesemwa na kuku wa kuchorwa. Leo, nikiwa mbele ya wanafunzi, hapo ndipo ninaposimama. Hadithi ya sayansi inachukua sheria moja ya ulimwengu, au inatunga moja, halafu inawaweka watu wa kawaida chini yake tuone wataishije. Basi. Roketi ni mapambo. Na mchekeshaji anaishika sheria hiyo kwa nguvu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mzaha haufanyi kazi kama sheria inayumba. Katika filamu za makomando mtu alipigwa risasi kumi akaendelea kukimbia, muziki ukavuma, na hakuna aliyeuliza. Kwenye katuni, kama jana kuku walikuwa wengi na leo ni mmoja, mtazamaji anasimama. Na kuchora nako kuna nguvu yake: kalamu inaweza kumzeesha mwanamke kwa pumzi moja mbele ya macho yako, na moyo wako ukakubali haraka kuliko ukimwona mwigizaji amepakwa unga kichwani.

Mtazamaji alisimama kweli. Kesho yake saluni ilijaa watu wazima, nikaweka kaseti nyingine, na yule bibi akatokea akiwa msichana. Kiuno chembamba, nywele nyeusi, kuku mmoja tu kando yake. Mzee mmoja wa reli, aliyekuwa na tabia ya kukagua kila kitu kana kwamba ni behewa, akanyoosha mkono. Jana tulimwacha ajuza, leo amekuwaje hivi? Kelele zikazidi. Mimi sikuelewa kitu zaidi yao, lakini nilikuwa na kazi ya kulinda, nikajibu pale pale kwamba huko angani iko sheria ya pili: msafiri akirudi na akala chakula chote alichowekewa, bila kubakiza, miaka yote ya kungojwa anairudisha kwa aliyemngoja. Ndiyo sababu mlimwona akiramba sahani. Mzee akafikiri.

"Na wale kuku wote walienda wapi?"

"Waliliwa," nikasema. "Siku muntu anarudi safari, weye unafikiri wanakula nini?"

Walicheka mpaka benchi moja la kanisa likavunjika. Sheria ikapita. Katika mwisho wa kaseti ile fundi anaaga tena anakwenda nje, nikaeleza kwamba mwanaume hasikii, na hapo wanawake walipiga makofi. Tulizionyesha kaseti zile kwa mtindo huo siku nyingi, na watu walirudi kama wanavyorudi kwenye hadithi wanayoijua, wakimtangulia fundi kwa maneno na kumwonya. Profesa alirudi pia, kila mara akidai amekuja kumchukua mtoto. Alikaa nyuma, akala karanga, na baada ya filamu alichora ukutani kwa makaa saa mbili, moja inayokimbia na moja iliyokaa, akaeleza. Kisha akamalizia kwa kutukumbusha kwamba hiyo haiifanyi desen, yaani katuni, ya kuchekesha kuwa sayansi. Juu ya sheria yangu ya sahani hakusema neno. Nilifikiri nimemshinda.

Kisha ikaja Jumapili ya wazee. Shemeji Ilunga hakuja peke yake. Alileta wajomba wawili wa ukoo na mtu wa kanisani, na akakataa kula. Mtu akikataa wali kwa Mama Vero, jambo ni zito. Walikaa kwenye mabenchi yetu, kwenye saluni iliyofunikwa vitenge, wakiitazama televisheni iliyozimwa. Mimi niliwekwa jikoni, mlango nusu wazi, na sombe ikaungua kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Shemeji alisema wamengoja vya kutosha, mwezi ukiisha wanakaa matanga, na siku hiyo anataka jibu mbele ya wazee. Mjomba mkubwa akaongeza kwa upole kwamba roho ya mtu asiyeliliwa haipumziki. Nilihesabu vitu vyangu vya kufunga kwenda Kalima: vilikuwa vichache. Niliposikia sauti ya Mama Vero, ilikuwa ile ya zamani, ya ng'ambo ya mto.

"Shemeji, kule kwake bado iko asubuhi. Namna gani nitalilia muntu mwenye hajamaliza hata chai yake?"

Shemeji akauliza asubuhi gani. Akamweleza. Alimweleza wakati unavyokwenda polepole kwa msafiri, akaeleza saa mbili zilizoko ukutani, akaeleza kuku, mwiko na ndevu za kapiteni, kwa utulivu wa mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Yeye Vero amezeeka, hilo analikubali, watazame mvi. Lakini mumewe ametoka juzi tu. Na mwanamke gani anamkalia matanga mtu aliyetoka juzi? Mjomba mdogo alianza kutikisika mabega. Mtu wa kanisani akafunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Shemeji Ilunga, ambaye nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza, akauliza nani amemfundisha upuuzi huo, naye Mama Vero akanituma kumwita Profesa Amisi, nyumba ya tatu.

Profesa alikuja na kanzu yake ya Jumapili, akasalimia wazee kwa utaratibu, akasikiliza swali. Katika mtaa wetu neno lake lilikuwa neno. Nilisimama nyuma yake na ninakumbuka shingo yake ilivyotoa jasho. Alijua, kuliko mtu yeyote Kindu, kwamba treni ya Kongolo haijawahi kukimbia kiasi cha kumpunguzia mtu hata dakika. Yenyewe ilikuwa ikipitwa na baiskeli kwenye milima. Mjomba mkubwa akauliza tena: muntu wa safari anaweza kuwa bado asubuhi, na huku tumekwisha kuzeeka? Profesa akakohoa.

"Kwa kanuni, njo vile," akasema. "Inabakia hesabu tu."

Mjomba mkubwa akacheka. Alicheka kwanza peke yake, kwa kifua, kisha wote, na mwishowe hata shemeji akatabasamu akitazama sakafu. Ukoo ukishacheka namna hiyo hauwezi kukaa tena kulia kwa amri. Mjomba akasema basi, tungoje hesabu ya Profesa, na akaomba wali. Ulikuwa na sombe iliyoungua na waliula. Shemeji Ilunga aliendelea kuja Jumapili, lakini alikuja kula tu. Nilimaliza mwaka wangu wa sita katika nyumba ile, nikasoma kwa mwanga wa dirisha ambalo Mama Vero alilitolea kitenge, na mwaka ule, pamoja na njaa yake na hofu yake, ninauhesabu kuwa wa furaha. Sioni haya kusema hivyo.

Hayo yote tuliyarudia mimi na Profesa pale kwenye matanga, tukisahihishana. Nilikuwa nimemwekea jambo. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha katuni ile kwenye simu, kwa Kifaransa, nikagundua kwamba tulikuwa tumezigeuza kaseti. Ya pili tuliitanguliza. Katika hadithi yenyewe msichana ndiye wa mwanzo na ajuza ndiye wa mwisho; fundi anarudi, anakula chakula kilichopoa, na hakuna mwaka unaorudishwa. Nilimwambia Profesa nikitegemea atashangaa. Akaendelea kuchambua karanga zake. Alijua tangu mwanzo, akasema. Wakati haurudi nyuma, kwa hiyo aliposikia bibi amekuwa msichana alielewa mara moja kwamba kaseti zimepinduka. Nikamuuliza mbona alinyamaza, yeye ambaye hajawahi kumwachia mtu kosa hata la nukta.

"Ulitaka niseme mbele ya Mama Vero?" akajibu.

Nikamwambia basi akubali kwamba Jumapili ile, mbele ya wazee, hadithi ya sayansi aliitunga yeye mwenyewe kwa maneno saba, na ilikuwa ya kuchekesha. Akasema yale yalikuwa fizikia na tahadhari. Tukaanza upya.

Sauti zetu ndizo zilizomtoa mfiwa ndani. Alikuja akishika ukuta, mzee mrefu aliyekauka, akaketi kati yetu na kuuliza tunagombea nini. Ni Papa Kalenga. Alirudi baada ya vita, kutoka upande wa Kibombo, amekaa nyuma ya baiskeli ya mtu, masinisti mzima. Mama Vero alimpikia, akamtazama mpaka alipomaliza kula, ndipo akaanza kumfokea, na mtaa ulisikia. Waliishi pamoja tangu hapo mpaka wiki ile. Alijua kwamba ndugu zake walitaka kumlilia akiwa hai, maana mkewe alimkumbusha kila walipokosana. La katuni hakuwahi kulisikia. Tukamsimulia, mimi picha, Profesa sheria, kuanzia kuku mpaka chai ambayo haijamalizwa. Alicheka kwa muda mrefu, bila sauti, mkono juu ya macho. Wageni wakageuka kututazama, maana si kawaida mfiwa kucheka hivyo. Halafu akamuuliza Profesa kama kweli imepimwa, kwamba msafiri haoni wakati ukipita. Profesa akasema imepimwa.

"Basi sasa ye njo iko na safari," akasema Papa Kalenga. "Miye njo nabakia kuzeeka."

Nami, niliyekuja kutoka mbali hivyo kulia na sikuwa nimefanya lolote isipokuwa kubishana, nikalia.